Kozi ya Kutogeuza Uso

Nchi yetu ni nzuri. Naanza na hilo asije mtu akasema sikulisema. Jina lake silitaji kwa sababu limepelekwa Wizarani kuboreshwa, na mpaka nimalize kusimulia huenda likawa jingine.

Mimi naitwa Mwinshehe, mlinzi wa lango katika Kituo cha Afya Mbugani. Shule niliiacha darasa la tano, siku mwalimu alipotutuma kumlimia shamba nikagundua najua kulima kuliko kugawanya. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutazama. Lango lile nimelitazama miaka kumi na tisa na halijawahi kuibiwa.

Mambo yalianza pale Waziri wa Maarifa Yajayo aliporudi kutoka safari ya ng'ambo. Zamani tulikuwa na Waziri wa Elimu, lakini ikaonekana elimu ni jambo la jana. Huko alikokwenda Waziri alilala hoteli yenye jokofu linaloongea. Lilimsalimia asubuhi, likamweleza kwamba maziwa yanakaribia kuisha. Akalia. Alisema mwenyewe redioni.

"Ndugu wananchi, nililia kwa sababu nilikumbuka nyumbani. Jokofu la wenzetu linafikiri. Huku kwetu hata walioajiriwa kufikiri hawafikiri. Kuanzia leo taifa hili halitatembea, halitakimbia. Litapaa. Na atakayebaki chini asije kusema hakuambiwa kwamba kuna kupaa."

Kesho yake ukatoka waraka. Kila mtumishi wa umma, toka katibu mkuu hadi mfagizi, asome Kozi ya Taifa ya Akili Mnemba, yaani akili ya mashine. Masomo kumi na mawili, yote mtandaoni, na mtihani ndani ya siku tisini. Asiye na cheti asimguse mwananchi. Neno lilikuwa hilo, "asimguse", na lilipigiwa mstari.

Sisi Mbugani wakati huo tulikuwa tumeomba glavu, nyuzi za kushonea na damu. Gari likaja. Wanawake wa foleni ya kliniki wakalipigia vigelegele. Likashusha vishikwambi vinne, bango lenye picha ya Waziri akitazama juu, na mlango. Huo mlango nitaueleza baadaye.

*

Mtandao Mbugani unashika mahali pamoja tu, langoni, kwenye kiti changu. Ukisogea hatua tatu kuelekea maabara unapotea. Ukielekea wodini unapotea kabisa. Wataalamu walikuja na mashine ya kupima wakathibitisha hivyo, wakaandika ripoti kwamba kituo kina mtandao.

Basi kiti changu kikawa chuo kikuu. Watumishi walipanga foleni kukikalia, na mimi nikawa nasimama pembeni.

Mtihani ulikuwa na sharti moja kubwa. Mtahiniwa aweke uso mbele ya kamera ya kishikwambi kwa dakika arobaini asiugeuze. Akigeuza, mashine inahesabu kwamba anaibia majibu. Mara tatu, au akiinuka kitini, mtihani unafungwa. Na ukifungiwa mitihani mitatu, jina lako linatoka kwenye daftari la taaluma, haidhuru ulikuwa nani.

Daktari wetu alifanya kama tunavyofanya siku zote nchini kwetu. Alimtuma binamu yake amfanyie. Mashine ikakataa uso wa binamu. Daktari akasema hii ni dharau, akaenda makao makuu kwenye semina ya kujifunza namna ya kujifunza. Hajarudi. Tunasikia yuko semina ya pili.

Akabaki Sista Nyamizi, mkunga. Miaka thelathini na moja kazini. Nusu ya Mbugani imepita mikononi mwake, wakiwemo polisi, walimu, na mwizi mmoja wa mbuzi ambaye kila akikamatwa huomba aitiwe Sista. Masomo yote kumi na mawili aliyajua. Alimwelezea hata mfagizi.

Lakini kiti changu kiko langoni, na langoni ndipo wanapopita wagonjwa.

Mtihani wa kwanza, dakika ya ishirini, waliletwa watoto wawili waliomwagikiwa uji. Sista akageuka. Akageuka tena. Mara ya tatu akainuka kabisa. Kishikwambi kikasema kwa sauti ya upole, ya mwanamke aliyeshiba: "Udanganyifu umegunduliwa. Asante kwa kushiriki."

Mtihani wa pili alijitahidi. Alijifunga kanga kichwani mpaka masikioni asisikie. Akapita mtu aliyeumwa na nyoka, amebebwa mgongoni, hata hakulia. Sista akageuka, akainuka.

"Umesikiaje?" nilimwuliza.

"Sikusikia. Nilinusa jasho lake, Baba Chiku. Jasho la anayekufa lina harufu yake." Akavua ile kanga. "Hivi hii mashine aliyeifundisha nani, kwamba anayegeuka ni mwizi?"

Hilo lilikuwa somo la saba na nilikuwa bado la nne.

*

Chiku ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Mama yake alishatangulia, na mumewe yuko machimboni kusini. Wakati ule alikuwa na mimba ya miezi saba na alikuwa anakuja kuniletea chakula cha mchana langoni. Waraka wa pili ulikuwa umetoka: mjamzito hapati kadi ya kliniki mpaka ajiandikishe Kozi ya Mama Anayepaa. Akajiandikisha kwa simu yake. Akaipenda. Yeye alifika kidato cha nne, kichwa kilikuwa chepesi.

Ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa nakula ugali, yeye anasoma kwa sauti.

"Baba, sikiliza. Mashine hujifunza kwa mifano. Ukiionyesha picha elfu kumi za mbuzi, inajua mbuzi."

"Mimi nilionyeshwa mmoja."

"Wewe ni wewe."

"Na alikuwa amekatwa mkia."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Usinichekeshe, mjukuu wako anapiga teke. Swali: mashine ikijifunza kwa mifano mibaya itakuwaje?"

"Itakuwa afisa."

"Baba. Kuna A, B na C."

"Refu ni lipi?"

"C."

"Basi C."

Na lilikuwa C. Chiku alishangaa, lakini mimi nimekaa na wakubwa langoni miaka mingi nikiwafungulia. Jibu lao sahihi ndilo refu siku zote.

Siku ya mtihani wangu nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe. Nikaitazama kamera kama ninavyolitazama lango. Walipita wagonjwa, akapita ng'ombe, akapita mtu anamkimbiza mkewe na mwiko. Sikugeuka. Mlinzi mzuri hageuki kwa kelele, kwa sababu kelele ndiyo mbinu ya mwizi. Majibu nilichagua marefu. Nikapata tisini na nne kwa mia.

"Baba umefaulu," Chiku alisema. Alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mjukuu atakuwa na babu msomi."

Nami nilifurahi. Sifichi.

*

Wengine wote mashine iliwakamata wakigeuka. Kwa cheti kile nikawa mtumishi pekee wa Mbugani anayeruhusiwa kumgusa mwananchi. Akaja Afisa wa Kupaa wa Wilaya, Bwana Ngwale, mtu mfupi mwenye koti lenye mifuko mingi. Aliitisha watu wote, akanivisha kitambulisho shingoni.

"Mtazameni huyu," alisema. "Darasa la tano. Jana mlinzi, leo Kaimu Mhudumu Mkuu. Sista, wewe una vyeti vingapi?"

"Vinne."

"Vya karatasi."

Watu wakapiga makofi, maana alikuja na polisi wawili.

Ndipo ukafungwa ule mlango. Ulikuwa wa chuma, wenye kamera katikati kama jicho, na ulifunguka kwa uso wa mhitimu tu. Waliufunga kwenye chumba cha kujifungulia, kwa sababu ndicho pekee chenye ukuta unaofika darini na nondo dirishani. Unamruhusu mhitimu na mgonjwa wake. Akiingia wa tatu unapiga king'ora.

Chumba kile kina tundu moja la umeme. Fundi alichomoa waya wa jokofu la dawa, akachomeka wa mlango. Akaniuliza, "Hili jokofu linaongea?"

Nikasema, "Haliongei."

"Basi linaweza kusubiri."

Nilicheka. Sikumwambia Sista. Sikujua kwamba ni jambo la kuambiwa. Yeye kule ndani hakuruhusiwa tena kuingia, na mimi jokofu nililijua kwa nje tu.

Kwa wiki tatu wanawake walijifungulia kwenye kibanda cha kuni nyuma ya jengo, ambako mlango haukuwa na akili. Mimi nilikuwa naingia chumbani kumtolea Sista pamba, mkasi na uzi, nampa mlangoni pa kibanda huku nimetazama pembeni. Alizalisha watoto saba. Kwenye kumbukumbu za uzazi wao wote liliandikwa jina langu. Namshukuru Mungu katika hao saba hakuna aliyehitaji dawa ya jokofuni.

Habari ya kibanda ikamfikia Bwana Ngwale. Akaja Jumatano asubuhi na polisi wake wawili, wakakibomoa. Kuni zikabaki kwenye jua kali. Kisha akamwekea Sista kishikwambi kwenye kiti changu.

"Huu ni wa tatu, mama. Wa mwisho. Ukifaulu leo, mlango ni wako, kazi ni yako, mimi mwenyewe nitakupa mkono. Ukigeuka, jina linatoka."

"Nikifaulu nitazalisha leo leo?"

"Hapo hapo."

Sista akakaa. Akavuta pumzi. Alinitazama mara moja, kabla mashine haijaanza kuhesabu, akasema, "Baba Chiku, leo akija mtu mpitishe upande wa nyuma. Nakuomba."

*

Dakika ya thelathini na mbili ikaja bajaji. Walishuka majirani wawili wamemshika Chiku katikati. Mimba ilikuwa imetimiza siku zake. Kanga yake ilikuwa imelowa, na haikuwa maji peke yake.

Niliwaonyesha kwa mkono, nyuma, nyuma. Wakazunguka. Chiku hakupiga kelele. Alijua Sista yuko kwenye mtihani, habari ilikuwa imeenea mji mzima. Alijiziba mdomo kwa kiganja chake akapita hatua tano kutoka kiti kile.

Sista alitulia. Dakika ya thelathini na tatu. Nikaona shingo yake imekakamaa kama ya mtu aliyebeba ndoo. Ya thelathini na nne. Halafu akafumba macho, akasema taratibu, "Ni Chiku huyo," akainuka.

"Udanganyifu umegunduliwa," kilisema kishikwambi.

Bwana Ngwale aliandika kitu kwenye daftari lake. "Mama, sasa wewe ni raia wa kawaida. Usimguse mgonjwa."

"Damu inamtoka. Dawa iko ndani. Nifungulieni, mtanifunga baadaye."

"Sheria haina baadaye. Mhitimu yupo." Akanigeukia. "Ndugu Mhitimu, mgonjwa wako."

Hapa lazima nieleze jambo, kwa wasiotujua. Kwetu baba haingii kwenye uzazi wa binti yake. Hata ukumbini haketi. Huondoka akakaa kwa jirani mpaka aitwe, na mtoto humwona akishaoshwa. Baba aliyemwona binti yake katika hali ile amemvua nguo na yeye amejivua. Hakuna faini yake kwa sababu hajawahi kutokea mtu wa kutozwa.

"Huyu ni binti yangu," nilimwambia Bwana Ngwale.

"Somo la tisa," alisema. "Akili mnemba haina upendeleo wa kindugu. Uliwahi kulijibu."

Niliwahi. Lilikuwa C.

Polisi walisimama kila mmoja upande wake wa mlango. Nikaweka uso, mlango ukanitambua, ukafunguka. Nikamwingiza Chiku, nikamlaza, nikageukia ukuta.

Sista alikuwa dirishani, ameshika nondo. "Baba Chiku. Geuka uniambie unaona nini."

"Siwezi."

"Geuka."

"Sista, siwezi."

"Baba," Chiku alisema nyuma yangu. "Nimefumba macho. Mimi sikuoni. Geuka tu."

Sijui nilisimama vile kwa muda gani. Sista anasema ulikuwa muda mfupi. Anasema hivyo kwa huruma, najua, kwa sababu mimi ni mlinzi na muda nauhesabu bila saa. Mtihani wangu nilifaulu kwa kutogeuka, na pale napo sikugeuka.

Kisha nikageuka.

Sista alikuwa anasema, mimi nafanya. Shika hapa. Usivute, mwache aje mwenyewe. Mpe kidole chako cha shahada chini ya shingo. Mtoto akaja, wa kike, akalia. Nikamweka kifuani kwa mama yake. Chiku bado alikuwa amefumba macho.

"Ni mbuzi?" aliniuliza.

"Ana mkia mzima," nilisema.

Akatabasamu. Lakini damu haikukatika. Sista aliona uso wangu kabla sijasema.

"Jokofuni. Chupa ndogo za kioo, kasha jeupe."

Maandishi sikuyaelewa. Nilikuwa nampelekea kasha moja moja dirishani, anakataa, narudi. La nne akasema ndilo. Akapitisha mkono katikati ya nondo akalishika. Akalishika tena.

"Mbona ni la moto?"

Nikatazama chini. Waya wa jokofu ulikuwa umelala sakafuni, kichwa chake kimejaa vumbi.

"Tangu lini?" Sista aliuliza.

"Tangu mlango."

Alilitazama kasha, akanitazama mimi. Nimetukanwa sana maishani, na hakuna tusi lililofika pale. Alijaza bomba la sindano, akanipa. "Choma pajani. Hivyo hivyo. Kisha kanda tumbo, chini ya kitovu, kwa nguvu zako zote, na usiache."

Nilichoma. Nikakanda. Huko nje nikamsikia Sista anaenda mlangoni anasema na polisi mmoja. Alimwita jina lake la utotoni. Alimwambia, "Wewe ulikuja miguu ikitangulia. Nilikaa na mama yako siku mbili." Polisi, niliambiwa baadaye, alitazama chini. Halafu akapisha, akamshika mwenzake mkono. Sista alipogonga nikakimbia kufungua kwa ndani, nikarudi kukanda. Sista akaingia, king'ora kikaanza kulia.

Alikuta mikono yangu bado inakanda. Aliishika, akaitoa taratibu.

"Basi, Baba Chiku. Inatosha."

*

Bwana Ngwale alinisubiri langoni. Si mtu katili. Alikuwa ameniwekea maji kwenye kikombe.

"Pole sana. Sasa kuna kusajili. Kifo kinasajiliwa na mhitimu peke yake. Bila hivyo, kwa utaratibu, hajafa."

Nikakaa kwenye kiti changu. Kishikwambi kikauliza jina la mgonjwa. Kikauliza jina la mhudumu. Kikauliza kama mgonjwa ameridhika na huduma. Hatimaye likatokea duara: mhitimu atazame kamera mpaka duara lijae, dakika moja, asigeuze uso.

Nikatazama. Lilikuwa limefika nusu, mtoto akalia. Sista alikuwa amemshika, amesimama karibu na bajaji, polisi wanasubiri kumchukua.

Nikageuka.

"Tulia, ndugu," alisema Bwana Ngwale. "Anza tena."

Nikaanza. Mtoto akalia. Nikageuka. Mara ya tatu hata sikujaribu kutazama ile mashine.

"Udanganyifu umegunduliwa. Cheti chako kimefutwa. Asante kwa kushiriki."

Nikamrudishia kile kitambulisho cha shingoni. Chiku tulimzika hivyo hivyo, bila kibali, kwa kuwa makaburini kwetu hakuna mlango.

Sista walimweka ndani siku nne, wakamwachia. Yule polisi aliyepisha amehamishiwa mpakani. Bwana Ngwale amepanda, sasa ni wa Mkoa. Kituo cha Afya Mbugani hakina hata mmoja anayeruhusiwa kusajili kifo, na kwa sababu hiyo hakijapata kifo hata kimoja. Waziri alikitaja redioni. Alisema Mbugani imepaa.

Kwenye kumbukumbu binti yangu bado yumo wodini, kitanda namba mbili. Hali: anaendelea vizuri.

Siku ya arobaini tulisoma dua, watu wakala wakatawanyika. Tulibaki makaburini mimi na Sista, mtoto amelala mgongoni kwake. Simu ya Chiku huwa natembea nayo. Naichaji. Ikalia mfukoni.

"Nani huyo?" Sista aliuliza.

Nikasoma polepole, herufi kwa herufi, alivyonifundisha Chiku mwenyewe. Ndugu Chiku, hujaonekana darasani kwa siku arobaini. Usikate tamaa. Bonyeza hapa kuendelea na somo lako.

Nikabonyeza. Kamera ikafunguka, ikataka uso. Nikaigeuza simu, nikaielekeza kwenye kaburi. Ikatafuta. Duara likazunguka, likazunguka. Kisha ile sauti ya upole ikasema:

"Hatukuoni vizuri. Tafadhali sogea kwenye mwanga."